Wafalme wa Kioo

Msomaji kijana,

Kila zama huwa na mwalimu wake asiyeajiriwa na mtu. Zamani, katika nyika za kaskazini mashariki mwa Kenya, mwalimu huyo alikuwa bibi aliyekaa kando ya moto jioni, ngamia wamekwisha kukamwa, akisimulia habari za malkia Araweelo, ambaye hadithi za Kisomali husema aliwatawala wanaume kwa ukali mpaka wakatetemeka wasikiapo jina lake. Leo mwalimu huyo ni kioo. Pengine ni kioo cha televisheni sebuleni, pengine ni kioo cha simu kiganjani. Hadai ada wala hatoi mtihani, lakini hufundisha usiku na mchana. Na kwa kuwa hafanani na mwalimu, mwanafunzi wake hajui kwamba anafundishwa.

Nataka tulichunguze somo moja la mwalimu huyu. Ni michezo ya kuigiza juu ya jamaa za kifalme za kubuniwa, wafalme ambao hawakuzaliwa kamwe, lakini ambao vijana wetu hujua nasaba zao kuliko wajuavyo habari za babu zao wenyewe. Ili nisishitaki kivuli, nachukua mchezo mmoja uwe mfano wa mingine. Jina lake ni The Royals. Ulianza kuonyeshwa na idhaa ya Kimarekani iitwayo E! tarehe 15 Machi 2015, ukaenda misimu minne yenye sehemu kumi kila mmoja, ukakoma mwaka 2018. Ulitokana na riwaya ya Michelle Ray, na riwaya hiyo nayo ilitokana na Hamlet ya Shakespeare. Husimulia habari za jamaa ya Henstridge, inayotawala Uingereza ya siku hizi: Mfalme Simon, Malkia Helena ambaye aliigizwa na Elizabeth Hurley, na watoto wao Liam na Eleanor, ambao maisha yao ni anasa, ulevi, mapenzi na hila.

Mchezo huu una mwanzo mwema. Mwana wa kwanza wa mfalme, Robert, anatangazwa kuwa amekufa. Katika msiba ule baba anajiuliza kama kiti chake kina haki ya kuwapo, naye anataka wananchi wenyewe waamue kwa kura kama ufalme udumu au uondolewe. Hilo ni swali zito. Mtunzi angalilifuata angaliandika jambo la kukumbukwa. Lakini kabla msimu wa kwanza haujaisha mfalme ameuawa, swali lake limezikwa pamoja naye, na hadithi inageuka kuwa mbio za kugombea kiti. Mtu mmoja tu katika jumba lile alikumbuka kwamba nje ya ukuta wake wako watu, naye ndiye aliyeuawa.

Juu ya mchezo huu, na juu ya ndugu zake wote, nina mashtaka matatu.

Shtaka la kwanza ni kwamba hufundisha kuwa damu ni cheo. Humo kila swali hurudi kwenye swali moja: nani amezaliwa na nani? Mfalme Simon afapo, nduguye Cyrus hapati kiti kwa sababu ana hekima, wala kwa sababu ana huruma. Hukipata kwa sababu watoto wa marehemu wametiwa doa kuwa si wa damu yake. Hakuna aulizaye Cyrus ataifanyia nini nchi. Mtazamaji naye, baada ya saa nyingi za kutazama, hujikuta anasumbuliwa na swali lile lile na amesahau kwamba kuna lingine.

Sasa pima fundisho hilo katika nchi yako. Wazee wa Garissa, Wajir na Mandera hawakujua mfalme mwenye taji. Kwa Wasomali jambo kubwa lilipelekwa katika baraza liitwalo shir, chini ya kivuli cha mti, na neno la kila msemaji likapimwa kwa uzito wake na kwa desturi za maagano ziitwazo xeer. Walikuwapo wenye majina ya heshima, suldaan na ugaas, na aghalabu majina hayo yalirithiwa. Lakini mwenye jina hakuwa na gereza wala askari wa kulipwa. Akinena upumbavu, watu walifunga mizigo juu ya ngamia wakaenda zao, naye akabaki na jina lake. Waborana nao walikuwa na utaratibu wa gada, ambao katika huo kiongozi aitwaye abba gada huongoza miaka 8, kisha hukabidhi madaraka kwa rika linalofuata. Utaratibu huo unaishi hata leo nchini Ethiopia, na mwaka 2016 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na baraza la wazee liitwalo Gasa. Basi mtoto wa nyika asione haya kwamba historia yake haina majumba ya mawe wala viti vya dhahabu. Wenye viti vya dhahabu walichelewa sana kujifunza jambo ambalo babu zake walilijua: kwamba madaraka ni amana, na amana hurudishwa.

Walakini nisiwasifu wazee kupita kiasi, maana sifa ya uwongo ni tusi. Katika mabaraza yale wanawake hawakuwa na kiti, na mtu wa ukoo mnyonge hakusikilizwa sawa na mtu wa ukoo wenye nguvu. Ugonjwa wa damu tunao sisi wenyewe, na jina lake kwetu ni ukoo. Uchaguzi unapokaribia, wazee wa koo hukutana wakagawana viti kabla kura haijapigwa: ugavana kwa hawa, useneta kwa wale, ubunge kwa wengine. Utaratibu huo husifiwa kuwa huepusha vita, na sifa hiyo ina kweli ndani yake. Lakini uliza ni nani hakualikwa kwenye mgawanyo. Hakualikwa mwanamke, hakualikwa kijana, hakualikwa mtu mwema aliyezaliwa upande usiotakiwa. Kenya ilikuwa na uhuru kwa zaidi ya nusu karne kabla jimbo lolote la Kaskazini Mashariki halijamchagua mwanamke kuwa mbunge. Jambo hilo likatimia mwaka 2017, Sophia Abdi Noor alipochaguliwa na watu wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa. Nchi yenye ugonjwa wa namna hii haihitaji mwalimu wa kioo wa kuwaambia vijana wake kila jioni kwamba jambo kubwa katika maisha ni kuzaliwa na fulani. Fundisho hilo tunalo tele nyumbani.

Shtaka la pili ni kwamba michezo hii huonyesha avaaye taji, haimwonyeshi alipaye gharama yake. Tunaonyeshwa vito, magari, farasi na vyumba mia. Raia huonekana kwa mbali tu, wakipunga bendera nje ya uzio. Sasa watu wa Garissa walisimama nje ya uzio huo hasa, nao wanayo ya kusimulia. Nchi yao ilitawaliwa kwa jina la taji la Uingereza, ikaitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu wilaya za mbali zifungwe, mtu asiingie wala asitoke pasipo ruhusa. Mwaka 1925 nchi ya Jubaland ilikabidhiwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya malisho na visima, ndugu huku na ndugu kule. Sheria ya mwaka 1934 ikawapa watawala uwezo wa kuiadhibu jamii nzima na kuikamatia mifugo kwa makosa ya watu wachache. Hayo ndiyo yaliyoufikia mlango wa mchungaji kutoka katika jumba la kifalme. Vito havikufika.

Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza wakati binti yake Elizabeth alipokuwa Kenya, katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, hata katika mchezo wa televisheni uitwao The Crown, nayo inastahili, maana ni habari ya huzuni ya mtoto aliyepotewa na baba. Lakini siku hiyo hiyo mchungaji wa Wajir alihitaji barua ya ruhusa kusafiri katika nchi aliyozaliwa, na kabla mwaka haujaisha hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Je, umepata kuona mchezo juu ya barua ile ya ruhusa?

Mwaka 1962 tume ilitumwa kuuliza watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuwa upande gani Kenya itakapopata uhuru. Wengi wao, Wasomali hasa, walisema wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikaamua vingine. Si kazi ya insha hii kuhukumu kama ombi lao lingalileta kheri au shari. Watu wema wamehitilafiana juu ya hilo. Jambo moja ni wazi: watu waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando. Tarehe 28 Desemba 1963, wakati Elizabeth angali Malkia wa Kenya, maana Kenya haikuwa jamhuri mpaka tarehe 12 Desemba 1964, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Ilidumu hata Novemba 1991.

Hapa, msomaji, tazama kwa makini, usije ukadhani kwamba nawalaumu Waingereza peke yao. Taji liliondoka mwaka 1964, lakini tabia yake ilibaki. Ilikuwa ni jamhuri, wala si ufalme, iliyowatesa na kuwaua watu wa Garissa mnamo Novemba 1980, na iliyowakusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir mnamo Februari 1984, wakaachwa juani pasipo maji, wengi wakafa. Mtu aweza kutawala kama mfalme akiwa amevaa suti na tai. Kinachomfanya mfalme mbaya si kofia yake. Ni imani yake kwamba walio chini yake si watu kamili, na ni mazoea yao ya kumtazama yeye tu na kutojitazama wenyewe. Mazoea hayo ndiyo yanayolelewa na wafalme wa kioo.

Shtaka la tatu ni zito kuliko yote mawili, nami nalitaja kwa sauti ya chini. Michezo hii hugawa machozi yetu, na haigawi kwa haki. Nimekwambia kwamba The Royals ilianza tarehe 15 Machi 2015 kwa kifo cha mwana wa mfalme. Siku 18 baadaye, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walikuwa watoto wa wakulima, wa walimu, wa wachuuzi, kutoka pembe nyingi za Kenya. Wengine walikuwa wa kwanza katika jamaa zao kufika chuo kikuu, na nyumbani watu walikuwa wameuza mbuzi na mashamba kwa ajili ya karo. Robert wa Henstridge, ambaye hakuwahi kuishi, ana uso, ana sauti, ana ndugu wanaomlilia mbele yetu. Na katika misimu ya baadaye tunaambiwa kwamba hakufa, akarudi. Wale 148 hawakurudi, na wengi wetu tunawajua kwa tarakimu tu. Sisemi kwamba amliliaye mtu wa kubuniwa ametenda dhambi. Nasema kwamba moyo wa mwanadamu huzoea njia upitishwayo, kama maji yazoeavyo mfereji. Ukipitishwa kila siku katika jumba la kifalme, hatimaye hautajua njia ya kwenda kwa jirani.

Nimekwisha kushitaki, sasa haki yataka utetezi usikilizwe.

Wa kwanza atasema, "Huo ni mchezo tu, kijana amechoka na masomo, mwache apumzike." Namjibu kwamba sikatazi kupumzika. Lakini hadithi haiwi tu hata siku moja. Bibi aliyesimulia habari za Araweelo hakuwa akipoteza wakati. Watoto walilala wakibishana kama malkia yule alionewa na wasimulizi au alistahili sifa yake mbaya, na katika kubishana wakajifunza kuyapima madaraka. Kama hadithi ya bibi ilikuwa na nguvu ya kufundisha, hadithi yenye picha, muziki na mamilioni ya fedha nyuma yake haiwezi kuwa haina.

Wa pili atasema, "Mchezo huu unawakejeli wafalme, unaonyesha uovu wao." Ni kweli kwamba unaonyesha uovu, lakini unauonyesha ukiwa umevaa hariri. Kejeli ya kweli humfanya mtazamaji achukie tendo. Hii humfanya atamani gauni la mtendaji.

Wa tatu ndiye mwenye hoja ya nguvu. Atasema, "Wewe unapinga wafalme wa kubuniwa, na fasihi ya Kiswahili yenyewe imejaa wafalme hao." Amesema kweli. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, ni habari ya ufalme usiokuwapo duniani. Lakini angalia tofauti. Katika Kusadikika mtu aitwaye Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu amefundisha watu elimu ya sheria, naye anasimama mbele ya mfalme kujitetea. Swali la kitabu si nani atarithi kiti, bali ni kama aketiye juu yake atasikia neno la haki. Mtunzi alibuni ufalme ili mnyonge apate kusema ndani yake. Basi sina ugomvi na mfalme wa kubuniwa. Nina ugomvi na hadithi ambayo ndani yake hakuna Karama.

Huenda sasa ukauliza, "Tukikiacha kioo hicho, tutatazama nini?" Jibu liko karibu nawe. Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilipigana, watu wakauawa, mifugo ikaporwa, na wanawake wa ukoo mmoja wakaogopa kununua kwa wanawake wa ukoo mwingine sokoni. Wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, walianza na soko. Walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, kisha wakaulinda mwafaka huo wao wenyewe. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, kutoka kwa wazee wakawaendea vijana wenye bunduki, na mnamo Septemba 1993 wazee wakatia saini maagano ya amani yaitwayo Azimio la Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 kwa ajali ya barabarani. Hakurithi kiti chochote. Je, habari hii haina hatari, hila, machozi na ushindi wa kutosha misimu minne?

Tena tazama basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera tarehe 21 Desemba 2015. Mwaka mmoja kabla yake, katika basi jingine karibu na Mandera, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walikuwa wametengwa wakauawa. Karibu na El Wak wauaji walisimamisha basi hili nalo, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike, na watu wakasema, tuueni sote au tuacheni sote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwamo safarini, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Habari hii ilifanywa picha fupi iitwayo Watu Wote mwaka 2017, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa picha zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani. Ilifanywa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath. Nawashukuru wageni hao. Lakini shukrani yangu ina uchungu ndani yake. Mbona walikuwa wanafunzi wa Hamburg, si wanafunzi wa Garissa?

Swali hilo nakuachia wewe, maana wewe ndiwe unayeweza kulijibu. Simu uitumiayo kutazama wafalme ina jicho la kupigia picha. Lugha uliyofundishwa darasani yatosha kuandika mchezo. Wazee walioketi katika mabaraza, akina mama waliolinda soko, wachungaji waliobeba barua za ruhusa, wengine wao wangali hai, na kila mwaka wanapungua. Nenda kawaulize kabla hawajaondoka na habari zao.

Na siku utakapokaa tena mbele ya kioo, maana najua utakaa, mwulize mfalme wa kioo maswali matatu. Nani amefanya kazi ili wewe ule? Nani amelipa ili wewe uvae? Nani alikuchagua? Asipokuwa na jibu, hana heri juu yako kwa lolote, hata kama jumba lake lina vyumba mia. Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Hawakusema ni mwana wa nani.